Funga ya Ramadhani na afya ya akili: mwongozo kwa akina mama na walezi

Mwezi wa Ramadhani ukiandama, nyumba nzima hubadilika. Saa za kula, kulala, kupika na kuswali huhama kwa siku 29 au 30. Kwa watu wengi mabadiliko haya huleta utulivu wa moyo. Kwa wengine huleta uchovu, hasira za karibu na machozi ambayo mtu hajui yametoka wapi. Na kwa wachache, hasa wanaoishi na ugonjwa wa akili, mwezi huu unaweza kuwa wa hatari, kwa sababu ya dawa zilizoachwa kimyakimya, usingizi uliokatika na maji yaliyopungua mwilini.

Makala haya yanaeleza hali gani ni ya kawaida kwa mtu anayefunga, hali gani ni dalili ya ugonjwa, na nini ufanye kwa ajili yako au kwa unayemlea. Hayatoi fatwa. Suala la dini muulize sheikh unayemwamini, na suala la dawa mwulize daktari au muuguzi. Mara nyingi utahitaji kuwauliza wote wawili.

Je, kufunga kunasaidia akili au kunaiumiza?

Kunaweza kufanya yote mawili.

Utafiti uliofanywa kwa wauguzi nchini Iran na kuchapishwa mwaka 2013 uliona kwamba dalili za huzuni na msongo wa mawazo zilipungua baada ya Ramadhani. Hilo halishangazi. Ramadhani humtoa mtu kwenye upweke. Watu hula pamoja, huswali tarawehe pamoja, hupelekeana futari, huombana radhi. Anayefunga hujiona ameweza jambo zito, na hilo humpa nguvu.

Lakini utafiti mwingine, uliofanywa Casablanca nchini Morocco na kuchapishwa mwaka 2000, uliwafuatilia wanaume 100 wenye afya na kuona kwamba hasira ziliongezeka kadiri mwezi ulivyosonga, zikafika kilele siku za mwisho. Wavuta sigara walikuwa na hasira zaidi kuliko wasiovuta. Unywaji wa kahawa na chai nao uliongezeka, na wasiwasi pia.

Kwa hiyo usijilaumu ukiona moyo umetulia usiku baada ya tarawehe, na kesho yake saa kumi jioni unamfokea mtoto kwa kumwaga maji. Mwili na moyo havitembei kwa mwendo mmoja.

Kwa nini hasira huja jioni?

Katika pwani ya Afrika Mashariki, iliyo karibu na ikweta, mfungo huchukua takriban saa 13 na nusu, majira yoyote Ramadhani itakayoangukia. Ndugu zetu walio Uingereza au Norway, Ramadhani ikiangukia kiangazi, wanaweza kufunga saa 18 au zaidi. Katika saa hizo, mambo kadhaa hutokea kwa pamoja.

Nguvu ya chakula inapungua. Baada ya daku, mwili hutumia kwanza sukari iliyotoka kwenye chakula, kisha akiba iliyo kwenye ini, halafu huanza kuyeyusha mafuta. Mtu mwenye afya huvumilia mabadiliko haya, lakini alasiri anaweza kuhisi mzito, asahau vitu na achukie kelele.

Maji yanapungua. Upungufu mdogo tu wa maji huleta kichwa kuuma, uchovu na kushindwa kutulia. Joto la jikoni huongeza jasho.

Chai, kahawa na sigara zimekatika ghafla. Aliyezoea vikombe vitatu vya chai ya rangi au kahawa kwa siku anaweza kuumwa kichwa na kuwa na hasira kuanzia siku ya kwanza. Kwa kawaida hali hii huisha ndani ya wiki moja hivi. Anayetafuna miraa usiku kucha ili afidie mchana hukosa usingizi, na hasira zake za kesho zitatokana na hilo kuliko njaa.

Usingizi umekatwa vipande. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa. Mama anayelala saa tano au saa sita usiku baada ya kuosha vyombo, akaamka saa tisa kupasha daku, akawaandaa watoto wa shule alfajiri, amelala saa tatu au nne tu. Akifanya hivyo wiki mbili mfululizo, hata asiyefunga angelia.

Kazi zimeongezeka. Futari ya mihogo ya nazi, mbaazi, tambi, kaimati, sambusa na uji haijipiki. Mara nyingi anayepika ni mtu mmoja, naye amefunga, na watoto wadogo bado wanataka chakula cha mchana.

Mambo ya kufanya nyumbani

• Punguza chai na kahawa kidogo kidogo kuanzia wiki moja kabla ya Ramadhani. Kama ulikunywa vikombe vitatu, kunywa viwili, kisha kimoja.

• Kunywa maji mara kwa mara kati ya futari na daku. Usiyanywe yote kwa mkupuo wakati wa daku, maana mengi yatatoka kwa mkojo.

• Usiache daku. Kula chakula kinachokaa tumboni: uji wa dona au wa mtama, maharage, mayai, viazi vitamu, matunda. Chakula chenye chumvi nyingi kitakutia kiu, na vitu vitamu peke yake vitakuacha na njaa mapema.

• Futuru kwa tende, maji na uji, upumzike kidogo, kisha ule chakula. Kula sana kwa pupa kunaleta uzito na usingizi mbaya.

• Lipa usingizi. Lala mapema unapoweza, na ujinyooshe dakika 20 hadi 30 adhuhuri watoto wakiwa shuleni au wamelala.

• Tayarisha daku kabla ya kulala ili saa tisa isiwe saa ya kuwasha jiko. Wakubwa wote nyumbani wanaweza kupokezana kuamsha wenzao.

• Punguza vyakula vya futari. Vitatu vinatosha. Hakuna anayelazimika kukaanga sambusa kila siku ya mwezi.

• Sema mapema unachohitaji. Badala ya kunyamaza mpaka upasuke, mwambie mumeo, dada au mwanao mkubwa wiki ya kwanza: "Naomba vyombo vya futari visiwe vyangu mwezi huu." Ombi la kazi moja inayojulikana hutekelezwa kuliko lawama ya jumla.

• Jambo zito, kama ugomvi wa fedha au matokeo mabaya ya shule, lisubiri hadi baada ya kufuturu.

Uchovu wa kawaida au sonona?

Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, ni ugonjwa. Haitokani na udhaifu wa imani. Ugumu wake katika Ramadhani ni kwamba dalili zake zinafanana na uchovu wa mfungo: usingizi uliovurugika, kukosa hamu ya kula, kulia, kukosa nguvu.

Angalia mambo haya manne.

Wakati. Uchovu wa mfungo hupungua baada ya kufuturu na kulala. Sonona haipungui. Mtu ameshakula na kunywa, bado moyo ni mzito vilevile.

Muda. Huzuni inayokaa karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, inahitaji mtaalamu.

Furaha. Aliyechoka bado hufurahi mgeni akija au mtoto akicheka. Mwenye sonona hakipati tena kilichokuwa kikimfurahisha, hata swala aliyoipenda anaiona ngumu.

Mawazo. Aliyechoka husema, "Nimechoka." Mwenye sonona hujiambia, "Mimi si kitu, Mungu hanitaki, bora nisingekuwepo."

Mtu kama huyu akiambiwa, "Mwezi wa kheri huu, unahuzunikia nini?" huongezewa mzigo, kwa kuwa sasa anajiona ana dhambi pia. Mwambie badala yake, "Naona umebadilika. Niambie, nitakusikiliza."

Mama mjamzito, anayenyonyesha na aliye katika nifasi

Mama mjamzito au anayenyonyesha akihofia afya yake au ya mtoto ana ruhusa ya kutofunga. Wanazuoni wanatofautiana kuhusu namna ya kulipa, kama ni kadha, fidia au vyote, kwa hiyo muulize sheikh wako. Katika kufikiria afya yako, usiangalie tumbo na maziwa peke yake. Angalia na moyo. Kama ulipata sonona katika ujauzito uliopita au baada ya kujifungua, mweleze mkunga kabla hujaamua kufunga.

Ukifunga ukiwa mjamzito na ukawa mchovu kupita kiasi, mwombe muuguzi akupime damu. Upungufu wa damu huleta uchovu, kizunguzungu na hasira, na watu wengi huuchukulia kuwa ni huzuni tu.

Anayenyonyesha aangalie mwenyewe na amwangalie mtoto. Mkojo wako ukiwa mweusi kama chai, ukipata kizunguzungu, au nepi za mtoto zikianza kukaa kavu kuliko kawaida, fungulia na utafute ushauri.

Mama aliyejifungua hafungi mpaka nifasi iishe. Siku chache za mwanzo baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia kwa urahisi. Hali hiyo kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Ikiendelea, au mama akashindwa kabisa kulala hata mtoto akilala, akaogopa kubaki na mtoto au akajiona hafai, hiyo inaweza kuwa sonona ya uzazi. Katika Ramadhani hatari yake ni upweke. Wenzake wako msikitini au jikoni, yeye yuko chumbani na mtoto, hafungi, haswali, na anajiona ametengwa na mwezi wenyewe. Mletee futari chumbani ukae naye. Mshike mtoto alale saa mbili. Dua na dhikri hazijazuiwa kwake, mkumbushe hilo.

Yapo pia madeni ya saumu. Mama aliyezaa na kunyonyesha miaka mitatu mfululizo anaweza kuwa na siku nyingi za kulipa, na hesabu hiyo ikamkosesha usingizi. Ziandike kwenye daftari, mwende kwa sheikh, mpange siku chache kila mwezi kadiri afya inavyoruhusu. Deni lililoandikwa lina mwisho unaoonekana.

Ukiwa unatumia dawa za akili

Hapa ndipo madhara makubwa hutokea. Mtu amepona kwa sababu ya dawa, Ramadhani ikafika, akaona aibu kumeza kidonge mchana, akaacha bila kumwambia mtu. Ugonjwa hurudi, pengine baada ya wiki chache, na familia haielewi kwa nini.

Fanya hivi:

• Nenda kliniki kabla ya Ramadhani, mwezi wa Shabani au hata Rajabu. Sema wazi: "Daktari, nataka kufunga. Dawa zangu nizinywe vipi?"

• Dawa nyingi za sonona hunywewa mara moja kwa siku na zinaweza kuhamishiwa usiku. Dawa za mara mbili kwa siku, baadhi zinaweza kunywewa wakati wa futari na daku. Za mara tatu zinahitaji kupangwa upya na daktari, pengine kwa kubadilishwa.

• Usihamishe saa za dawa peke yako, na usimeze dozi mbili pamoja ili kufidia ya mchana.

• Sindano za kila mwezi zinazotolewa kwa wagonjwa wa skizofrenia si chakula, na wanazuoni wengi wanaona hazifunguzi. Uliza ili moyo wako utulie, lakini usiruke tarehe.

• Dawa zinazoleta usingizi ukizinywa wakati wa daku zinaweza kukufanya uamke umechelewa au uendeshe pikipiki ukisinzia.

Lithiamu ni ya kuangaliwa peke yake. Dawa hii hutumiwa kwa ugonjwa wa bipola, na tofauti kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru ni ndogo. Maji yakipungua mwilini, lithiamu huweza kurundikana katika damu. Anayeitumia asifunge bila daktari kumpima damu na kumkubalia. Akianza kutetemeka mikono sana, kutapika, kuharisha, kuyumba anapotembea, kusema kwa ulimi mzito au kuchanganyikiwa, afungulie, asinywe dozi inayofuata, apelekwe hospitali mara moja.

Bipola ina hatari nyingine: usingizi. Utafiti mdogo wa Morocco uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia wagonjwa 20 wa bipola waliofunga. Karibu nusu walirudiwa na ugonjwa, na wengi wao walipandwa na hali ya kuchangamka kupita kiasi. Kiwango cha lithiamu hakikuonekana kuwa ndiyo sababu, na huenda ni ratiba ya maisha iliyogeuka.

Hali hiyo katika Ramadhani hufichika. Mtu halali usiku tatu mfululizo katika kumi la mwisho, watu wakasema ana ibada. Lakini mwenye ibada akikesha huchoka. Mgonjwa hachoki. Anasema mfululizo, anagawa fedha za kodi ya nyumba, anakasirika akikatizwa, anasema amepewa ujumbe maalumu. Ukiona hivyo usisubiri Iddi.

Vijana, chakula na wasiwasi

Watoto wengi huanza kujizoeza kufunga nusu siku kabla ya kubaleghe. Wasifie bila kuwashindanisha. Mtoto aliyeshindwa akachekwa na binamu zake hujifunza kuficha.

Kwa msichana mkubwa, angalia kama mfungo umekuwa njia ya kujipunguza mwili. Dalili ni kukataa hata futari, kujificha wakati wa kula, kula kwa siri kisha kujitapisha, au kuendelea kukataa chakula Iddi ikishapita. Huo ni ugonjwa wa ulaji na unahitaji msaada. Kutofunga kwa sababu ya hedhi nako kusiwe jambo la kuaibishwa. Asilazimike kujificha bafuni ili anywe maji.

Wapo pia wanaoteswa na wasiwasi: anatawadha mara kumi, anatema mate siku nzima akiogopa kuyameza, anauliza kila saa kama saumu yake imevunjika. Kujibiwa kunamtuliza dakika chache tu, kisha anauliza tena. Wasiwasi wa namna hii ukila saa nyingi za siku unaweza kuwa ugonjwa, na unatibika kwa mazungumzo ya kitaalamu na dawa. Akiwa na sheikh mmoja wa kumwongoza badala ya watano, atapata nafuu zaidi.

Ugonjwa wa akili ni ugonjwa

Aya za saumu katika Sura ya Al-Baqara zinampa mgonjwa ruhusa ya kufungulia na kulipa siku nyingine. Watu huikubali ruhusa hiyo kwa haraka kwa mwenye vidonda vya tumbo au kisukari, kwa sababu ugonjwa wake unapimwa. Mwenye sonona huulizwa, "Mbona unaonekana mzima?" Basi mama anafunga huku akizama, au anakula akijificha, na vyote viwili vinamuumiza.

Kama wewe ni mlezi, unaweza kumwondolea aibu hii. Mwekee chakula chake mahali penye staha. Usimtangaze kwa majirani. Akiwa hafungi, mpe nafasi katika mwezi: ashone, agawe tende, apike futari ya jirani mgonjwa, akae mezani magharibi pamoja na wengine. Familia ikitaka asomewe dua, asomewe, na dawa ziendelee.

Usiogope jina la hospitali. Watu wa Zanzibar wakisikia Kidongo Chekundu, au wa Mombasa wakisikia Port Reitz, wengi hufikiria kufungiwa. Wagonjwa wengi wa sonona na bipola hutibiwa wakitokea nyumbani. Unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu na kuomba barua ya rufaa.

Nenda hospitali leo, usingoje magharibi

Fungulia mara moja na utafute msaada iwapo wewe au unayemlea:

• anasema anataka kufa au kujidhuru, au ameanza kuaga watu na kugawa vitu vyake;
• anasikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, au anaamini mambo yasiyokuwepo;
• amejifungua karibuni na ghafla amechanganyikiwa, halali, au anasema maneno ya ajabu kuhusu mtoto;
• anatumia lithiamu na ana dalili zilizotajwa hapo juu;
• amezimia, amechanganyikiwa au hawezi kunywa hata baada ya kufungulia.

Usimwache peke yake. Ondoa dawa, sumu ya panya, dawa za shambani na visu karibu naye. Kumuuliza mtu waziwazi, "Unafikiria kujiua?" hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunamfungulia mlango wa kusema.

Kabla Shabani haijaisha

Hesabu vidonge vilivyobaki na uende kliniki kupanga saa zake. Kubaliana na watu wa nyumbani nani ataamka kwa daku, nani ataosha vyombo, na wewe utalala saa ngapi. Kisha mchague mtu mmoja, mama yako, shoga yako au mumeo, umwambie: "Ukiona nimebadilika mwezi huu, nikanyamaza sana au nikakosa usingizi, uniambie hata kama nitakasirika." Mgonjwa huwa wa mwisho kuona kwamba anaumwa. Aliye karibu naye huona mapema, akiwa ameambiwa aangalie.